Kipokezi cha kubebeka kwa ndege ndogo: rubani aulize nini kabla ya kununua?

Ndege ndogo ikipita juu ya shamba, wengi wetu hudhani rubani anaona kila kitu kilicho mbele yake. Sivyo. Ndege nyingine inayomjia kwa kasi huonekana kama nukta tu mpaka iwe imekaribia sana, na wingu la kawaida laweza kuficha mvua ya radi nyuma yake. Ndege kubwa za abiria zina rada na vyombo vya kumwonya rubani. Ndege nyingi za injini moja hazina.

Ndiyo maana marubani wa ndege ndogo, hasa Marekani, hununua kipokezi kidogo kinachotosha kiganjani. Hukibandika kwenye kioo cha dirisha, nacho hunasa mawimbi na kutuma taarifa kwenye tableti au simu kwa Wi-Fi. Hapa tunaeleza kinavyofanya kazi, namna ya kukichagua, na kwa nini kikiletwa Afrika Mashariki hakifanyi yote.

Kinavyofanya kazi

Mfumo wenyewe unaitwa ADS-B. Ndege hujua mahali ilipo kwa setilaiti za GPS, kisha hutangaza yenyewe hewani: mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu ni hiki, naelekea kule. Tangazo hilo hurudiwa kila sekunde. Ni kama redio: mmoja anatangaza, na yeyote aliye kwenye masafa hayo anasikia.

Masafa yako mawili. Megahezi 1090 hutumika duniani kote. Megahezi 978 hutumika Marekani, kwa ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Tangu Januari 2020, sheria ya Marekani inataka ndege zinazoingia kwenye anga yenye shughuli nyingi ziwe na kisambaza mawimbi cha mfumo huu. Kwa megahezi 978, mitambo ya ardhini hurusha pia picha za mvua kutoka kwenye rada, ripoti za viwanja vya ndege na tahadhari za hali ya hewa, bila malipo.

Mambo ya kuangalia

*Masafa.* Kipokezi kipokee masafa yote mawili. Kinachopokea 1090 pekee hakitapata picha za mvua, na kinachopokea 978 pekee hakitazisikia moja kwa moja ndege zinazotangaza kwa 1090.

*Je, ndege yenyewe inatangaza?* Hapa wengi hukosea. Mitambo ya ardhini hukusanya habari za ndege zilizo jirani na kuzituma kwa ajili ya ndege inayotangaza tu: zile zilizo ndani ya maili 15 za baharini na futi 3,500 juu au chini yake. Mwenye kipokezi pekee huambulia sehemu tu ya habari hizo, akadhani anga ni tupu kumbe sivyo. Tena, ndege isiyotangaza chochote yaweza isionekane kabisa. Macho ya rubani bado yana kazi.

*Programu.* Vipokezi vingine havielewani na kila programu, na zipo programu zinazofanya kazi kwenye iPad tu. Rubani aanze na programu aliyoizoea, ndipo atafute kipokezi chake.

*Betri na joto.* Betri idumu kuliko safari yake ndefu kabisa. Kifaa kilichoachwa juani nyuma ya kioo huchemka na kinaweza kujizima safarini.

*Mahali pa kukiweka.* Msikilizaji anayeishi nyuma ya mlima anajua jinsi kituo cha FM kinavyokatika. Mawimbi haya nayo huzibwa na milima, hata na mwili wa ndege yenyewe. Kwa hiyo ndege ikiwa bado chini, mara nyingi picha za mvua hazipatikani.

Picha ya mvua ina umri

Hili ndilo la hatari zaidi. Picha ya rada huchukua muda kukusanywa, kuunganishwa na kutumwa. Saa inayoonyeshwa kwenye skrini ni ya kuunganishwa kwa picha, si ya mvua yenyewe.

Mwaka 2012, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iliwatahadharisha marubani kwamba mvua iliyo kwenye picha yaweza kuwa ya dakika 15 hadi 20 kabla ya saa iliyoandikwa. Ilitoa mfano wa helikopta ya wagonjwa iliyoanguka karibu na Brownsville, Tennessee, Machi 2010, na kuua watu wote watatu waliokuwemo. Picha ambayo ingemfikia rubani ilionyesha dhoruba ikiwa maili 7 kutoka kituo chake. Ukweli ni kwamba wakati huo dhoruba ilikuwa tayari inapita juu ya kituo hicho.

Basi picha hiyo ni ya kumsaidia rubani kuikwepa mvua akiwa mbali. Si ya kutafutia upenyo katikati ya mawingu.

Na huku kwetu?

Mitambo inayorusha hali ya hewa kwa megahezi 978 ni ya Marekani. Kipokezi hicho kikiwashwa juu ya Arusha au Lodwar kitaonyesha ndege zilizo karibu zinazotangaza kwa 1090, lakini ukurasa wa mvua utabaki mtupu. Rubani asiyejua hilo anaweza kudhani ukurasa mtupu ni anga safi. Huku bado anategemea ripoti za mamlaka ya hali ya hewa kabla ya kuruka, redio yake, na macho yake.

Nawe ukifungua picha ya mvua kwenye simu kabla ya kuanika mahindi au kuvuka mto, tazama kwanza ni ya saa ngapi. Kisha toka nje, utazame mawingu.