Namba 2,147,483,647 na kikomo cha saa za kompyuta mwaka 2038

Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, yaani saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri mjini Bujumbura na Kigali, kompyuta zinazotunza muda kwa utaratibu wa zamani zitafikia namba 2,147,483,647. Zaidi ya hapo haziwezi kuhesabu.

Ukiandika 2 mara 31, ukazizidisha zote, kisha ukatoa 1, utaipata namba hiyo. Ni witiri, na pia ni tasa: haigawanyiki kwa namba nzima yoyote ila 1 na yenyewe. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitaja miongoni mwa namba tasa mwaka 1644, lakini orodha yake ilikuwa na makosa, hivyo neno lake halikutosha. Uthibitisho ulitolewa mwaka 1772 na Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg na karibu kipofu. Ilikuwa lazima kujaribu vigawo vyote visivyozidi 46,340. Euler alitambua kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, lazima kiache baki ya 1 au 63. Kwa hiyo, badala ya maelfu ya namba tasa, zilibaki takriban themanini tu za kujaribu. Hata hivyo, ni kazi ya kuchosha.

Kila namba tasa ya aina hii huzaa namba timilifu, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Hii ni ya nane katika mfululizo wake, na huzaa 2,305,843,008,139,952,128.

Kompyuta haziijali sifa hiyo ya utasa. Zilitengewa nafasi 32 za kuandikia namba, moja ikawa ya alama ya hasi au chanya. Zikabaki 31, na namba kubwa inayoenea humo ni hiyo hiyo ya Euler. Muda huhesabiwa kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Sekunde moja baada ya kikomo, hesabu hugeuka kuwa hasi, na mashine hudhani ni Desemba 1901.

Athari haisubiri 2038. Programu ya zamani inayokokotoa leo mkopo wa nyumba wa miaka ishirini tayari huivuka tarehe hiyo. Simu na kompyuta nyingi mpya hutumia nafasi 64, zinazotosha kwa miaka bilioni 292. Wasiwasi uko kwenye mitambo iliyofungwa zamani ambayo programu zake hazibadilishwi.

Kikomo kipya nacho ni 2 ikizidishwa mara 63, ukitoa 1. Hicho si tasa: kinagawanyika kwa 7.