Tuwaombeapo Wagonjwa

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kuwaombea wagonjwa, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Likoni, mama mmoja wa ushirika wetu alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Jumapili moja alikuja mbele baada ya ibada, tukamwekea mikono na kumwombea. Baada ya majuma machache kikohozi kilipungua, mwili ukarudi, naye akasimama kutoa ushuhuda. Kanisa zima lilishangilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza habari za vidonge vyake. Kumbe alikuwa ameviacha, akidhani kwamba kuendelea kumeza dawa ni kutomwamini Mungu. Ugonjwa uliporudi, ulirudi kwa nguvu. Aibu ikamzuia kuja kanisani, maana alikwisha kushuhudia. Tulimkuta chumbani mwake, amegeukia ukuta.

Dawa ya kifua kikuu kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Nafuu huja mapema, kabla vijidudu havijaisha mwilini, na mgonjwa akiacha katikati, vilivyobaki huweza kuizoea dawa. Muuguzi mmoja wa ushirika wetu aliyajua haya yote, naye huketi safu ya tatu kila Jumapili. Hatukumwuliza.

Fungueni Waraka wa Yakobo, sura ya 5, mstari wa 14. Mgonjwa ndiye awaitaye wazee wa kanisa. Wao huenda kwake, humwombea, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hatuoni hapo mtu mmoja mwenye sifa ya kuponya. Twaona wazee, tena zaidi ya mmoja, wakiingia nyumbani mwa mtu. Kisha mstari wa 16 wasema juu ya kuungamiana dhambi na kuombeana. Wako watu wautumiao mstari huo kumbana mgonjwa aseme amefanya nini hata akaugua. Lakini kuungamiana ni sisi kwa sisi, mwombaji na mwombewa. Siku ile sisi ndio tuliokuwa na la kuungama, nasi tuliungama kando ya kitanda chake.

Juu ya mafuta, wazee wetu wengine huuliza kama hiyo si desturi ya Kirumi. Kitabu cha Sala cha kwanza, cha mwaka 1549, kiliyaruhusu kwa mgonjwa aliyeyataka. Kile cha 1552 kiliyaondoa, kikabakiza sala. Siku hizi sehemu nyingi za Kanisa letu zimeyarudia, na mitume wenyewe waliyatumia, kama tusomavyo katika Marko 6:13. Sisi hupaka kidogo tu katika paji la uso. Wako waombao chupa waiweke nyumbani chini ya mto, hatuwapi. Mafuta hayo si hirizi.

Sasa, mbona wengine huombewa wasipone? Ndugu msikilizaji, swali hili hatuwezi kulimaliza. Twajua kwamba Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na haukuondolewa. Alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na hapa kwetu pwani, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo huo akamzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga, huku yeye mwenyewe akiumwa homa. Kaburi liko bara, upande wa Kisauni. Nani atathubutu kusimama pale na kusema kwamba Krapf alipungukiwa na imani?

Hatulisemi neno hili kwa wepesi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, huko Kilifi, ya watu waliofundishwa kufunga hata kufa, na kuambiwa kwamba hospitali si mahali pa waaminio. Mahali pengine mafundisho ya namna hiyo huanza na jambo dogo tu, kama vile mama kuogopa kusema mbele ya kanisa kwamba bado ameza vidonge.

Basi siku hizi, kabla ya kumwekea mtu mikono, twamwuliza: umemwona daktari? Amekupa nini? Wamebaki nani nyumbani? Yule muuguzi husimama pamoja nasi.

Mama yule alianza matibabu upya. Akina mama wawili walishika zamu kuvuka naye kwa feri mpaka hospitalini ng'ambo, na kungoja naye foleni. Jumapili moja alirudi mbele, vidonge vyake vimo mkononi, akatuomba tumwombee tena. Tuliviombea na vidonge. Leo yu hai, ingawa pafu moja halikupona sawasawa, na akipanda kutoka gatini husimama mara mbili kuvuta pumzi. Twaendelea kumwombea.