Ulipo, Uliko na Ulimo: Istilahi za Programu za Kujulisha Mahali

Katika makala haya tunakusudia kueleza aina moja ya programu za simu, na kisha kuchunguza maneno yafaayo kuitajia kwa Kiswahili. Programu tunazozikusudia ni zile ambazo mtu afikapo mahali, kama vile mgahawani, dukani au uwanjani, huzitumia kuwajulisha wenzake kwamba yupo hapo. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo lililoanza kama mchezo wa vijana wa mijini lipewe nafasi katika kurasa hizi. Jibu letu ni kwamba maneno ya mchezo huo sasa yamo katika maandishi ya ridhaa ambayo kila mwenye simu janja hutakiwa kuyakubali au kuyakataa. Na mtu hawezi kusemwa kuwa ameridhia jambo asilolielewa.

1. Asili na utendaji wake

Chimbuko la programu hizi ni Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini New York, Dennis Crowley na Alex Rainert walianzisha huduma iitwayo Dodgeball. Mtumiaji alituma ujumbe mfupi wenye jina la mahali alipo, nayo huduma ikaupeleka kwa rafiki zake ili walio karibu waweze kumfuata. Kampuni ya Google iliinunua huduma hiyo mwaka 2005 na kuifunga mwaka 2009. Mwezi Machi mwaka huo huo, Crowley pamoja na Naveen Selvadurai walizindua Foursquare mjini Austin, katika jimbo la Texas. Majina yote mawili, Dodgeball na Foursquare, ni ya michezo ya mpira ichezwayo na watoto wa Marekani. Gowalla, iliyokuwa na makao yake Austin, ilishindana na Foursquare mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Facebook nayo iliongeza huduma ya namna hiyo mwezi Agosti 2010.

Utendaji wake si mgumu kuelewa. Simu hupima ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na pia kwa kulinganisha minara ya simu na mitambo ya intaneti iliyo jirani. Kisha programu hutazama daftari lake la mahali na kumwonyesha mtumiaji majina ya maduka, migahawa na vituo vilivyo karibu. Mtumiaji huchagua jina moja na kubonyeza. Hapo rafiki zake hupata habari, naye huweza kusoma madokezo yaliyoachwa na waliomtangulia.

Katika Foursquare ya siku za mwanzo, mtu aliyefika mahali kwa siku nyingi kuliko wengine katika muda wa siku 60 alipewa cheo cha meya wa mahali hapo. Wenye biashara waliona faida yake upesi. Mwaka 2010, mathalani, maduka ya kahawa ya Starbucks nchini Marekani yaliwapa mameya wake punguzo la dola 1 kwa kinywaji fulani.

2. Kitendo na jina lake

Kiingereza kimekipa kitendo hiki jina lile lile litumikalo kwa msafiri afikapo hotelini au uwanja wa ndege. Mfasiri afuataye kamusi bila kutazama kitendo chenyewe ataandika *kujiandikisha*, *kujisajili* au *kuingia*. Kwa maoni yetu, maneno hayo yote matatu yana kasoro. Raia hujiandikisha kupiga kura. Mwenye simu husajili laini yake. Na *kuingia* kumekwisha kutumika kwa kufungua akaunti kwa neno la siri. Zaidi ya hayo, hakuna hata moja kati yake limwambialo mtumiaji kwamba kuna watu wengine watakaopata habari zake.

Neno *kuripoti* linakaribia zaidi. Mwanafunzi huripoti shuleni, na mtumishi wa serikali huripoti katika kituo chake kipya cha kazi. Lakini mshtakiwa aliye nje kwa dhamana naye huripoti polisi. Kuripoti ni wajibu mbele ya mwenye mamlaka, ilhali kitendo tunachokizungumzia ni cha hiari, nacho huelekezwa kwa rafiki.

Wako wanaoweza kupendekeza *kupiga hodi*, na pendekezo hilo lina mvuto wake, kwa kuwa hodi ni desturi yetu ya kutangaza kufika. Hata hivyo, hodi huelekezwa kwa aliye ndani, na mgeni husubiri karibu kabla ya kuvuka kizingiti. Programu hizi hufanya kinyume chake: habari za kufika hupelekwa kwa walio mbali, nao hawakuombwa ruhusa yoyote. Tofauti hiyo si ndogo. Mwezi Februari 2010 vijana watatu wa Uholanzi walifungua tovuti waliyoiita Please Rob Me, wakikusanya humo taarifa ambazo watu wenyewe walikuwa wamezitangaza hadharani kuhusu mahali walipo. Walitaka kuonyesha kwamba anayeutangazia ulimwengu kuwa yupo mgahawani anautangazia pia kwamba nyumbani kwake hayupo. Hodi humwamsha mwenye nyumba. Tangazo hili laweza kumwamsha mwizi.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza *kujulisha mahali*. Kitenzi *julisha* chadai mjulishwaji. Asomaye maneno hayo hujiuliza papo hapo: namjulisha nani? Swali hilo ndilo hasa tunalotaka ajiulize.

3. Pa-, ku- na mu-

Mitaani, hasa miongoni mwa madereva wa bodaboda na wateja wao, husikika sana usemi huu: "Nitumie lokesheni." Hatuna ugomvi na neno hilo katika mazungumzo. Linaeleweka, limekwisha kupata sauti za Kiswahili, na lina kazi yake. Lakini katika maandishi ya ridhaa lina upungufu mmoja: halisemi ni mahali kwa kiasi gani cha uhakika.

Jambo hili limekuwa na maana kubwa zaidi katika miaka ya karibuni. Tangu mwaka 2020 katika simu za iPhone, na tangu mwaka 2021 katika simu za Android, mtumiaji aweza kuchagua programu ijue nukta hasa aliyopo, au ijue tu eneo la jumla lenye ukubwa wa kilomita za mraba kadhaa. Chini ya anga wazi, simu yaweza kuonyesha nukta hiyo kwa kukosea mita 5 hivi. Tofauti kati ya machaguo hayo mawili ni tofauti kati ya kujulikana mlango ulioingia na kujulikana mtaa uliomo.

Sarufi yetu imekuwa na tofauti hii tangu kale. Mofimu *-po* huonyesha mahali maalumu. *-Ko* huonyesha mahali pasipo dhahiri. Na *-mo* huonyesha ndani. Tukisema "Juma yupo Magomeni Mapipa, kwenye duka la dawa," tumepataja mahali penyewe. Tukisema "Juma yuko Magomeni," tumetaja upande tu. Kwa hiyo *mahali hasa ulipo* ni tafsiri ya chaguo la kwanza, na *eneo uliko* ni tafsiri ya chaguo la pili, bila ya kuazima neno lolote.

Yafaa tukiri hapa kwamba si wasemaji wote waitunzao tofauti hiyo. Wengi, hasa walio mbali na pwani, hutumia *yuko* kwa hali zote. Ndiyo maana tumeongeza neno *hasa* upande mmoja na neno *eneo* upande wa pili, ili msomaji asiyeisikia tofauti katika *-po* na *-ko* aipate katika maneno yanayoandamana nazo.

Ama *-mo*, hii yatufundisha mpaka wa chombo chenyewe. Setilaiti haioni kuta. Simu yaweza kukisia kwamba mtu yupo penye jengo fulani, lakini si rahisi ijue kama yumo dukani, au amesimama barazani, au yupo ghorofa ya pili kwa fundi cherehani. Mfasiri asiandike *ulimo* pale ambapo chombo hakijui zaidi ya *ulipo*.

4. Kujulisha na kujulikana

Sasa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni zito kuliko yote. Mwaka 2014 Foursquare iligawanywa mara mbili. Kazi ya kujulisha mahali ilihamishiwa katika programu mpya iitwayo Swarm, na Foursquare yenyewe ikabaki kuwa mshauri wa mahali pa kula na kutembelea. Mshauri huyo hakungoja kuambiwa. Kwa ruhusa aliyopewa mara moja, aliweza kutambua mahali mwenye simu aliposimama hata kama mtu huyo hakubonyeza kitu.

Jumla ya nyayo hizo ikawa bidhaa. Mwezi Aprili 2016 kampuni hiyo ilitabiri kwamba mauzo ya migahawa ya Chipotle nchini Marekani yangeonekana kupungua kwa karibu asilimia 30 katika robo ya kwanza ya mwaka. Hesabu za Chipotle zilipotoka, upungufu ulikuwa asilimia 29.7 kwa migahawa iliyokuwa imefunguliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Desemba 2024 programu ya ushauri ya Foursquare ilifungwa, Swarm ikaachwa iendelee. Lakini biashara ya taarifa za mahali haikufungwa pamoja nayo.

Katika hali ya kwanza mtu *anajulisha*. Katika hali ya pili mtu *anajulikana*. Viambishi vya Kiswahili vimetugawia kazi hiyo barabara: cha kutendesha kwaonyesha mtendaji aliyekusudia, na cha kutendeka kwaonyesha hali impatayo mtu bila ya kutajwa aliyeitenda. Maandishi mengi ya simu huzichanganya hali hizi mbili chini ya usemi mmoja, kama vile "kutumia lokesheni yako." Tunashauri zitenganishwe, na maswali yaandikwe kwa namna hii:

"Je, unakubali programu hii ijue mahali hasa ulipo wakati unapoitumia?"

"Je, unakubali programu hii ijue eneo uliko hata wakati huitumii?"

Watumishi wa serikali watambue kwamba jambo hili si la ufasaha peke yake. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria zote mbili zimeipa ridhaa ya mhusika nafasi kubwa. Ridhaa hiyo hutolewa kwa maneno. Na neno likiwa na utusitusi, ridhaa nayo huwa na utusitusi.

5. Maneno mengine yanayohusiana

Yako maneno matatu yanayowatatiza wafasiri wa programu hizi.

La kwanza ni lile la biashara zilizopo karibu na mtumiaji. Baadhi huandika *biashara za kienyeji*. Msomaji wa neno hilo atafikiri juu ya kuku na dawa za miti shamba kabla ya kufikiri juu ya duka la vitabu lililo kona ya pili. *Biashara za jirani* latosha.

La pili ni lile la watu waunganishwao na jambo wanalolipenda. Neno *mapendeleo* hutumika, lakini linachukua harufu ya *upendeleo*, ambao katika ofisi zetu ni kosa. Redioni na magazetini tumezoea kusikia *wapenzi wa kandanda* na *wapenzi wa taarabu*. Basi na tuseme *wapenzi wa jambo moja*.

La tatu ni *meya*. Kwa kuwa hicho ni cheo cha mchezo wa kampuni moja, kiachwe kama kilivyo kitajwapo katika habari za kampuni hiyo. Anapokusudiwa mtu yeyote afikaye mahali mara kwa mara, *mzoefu wa mahali* lafaa kuliko *mwenyeji*, kwani mwenyeji wa duka aweza kudhaniwa kuwa ni mwenye duka.

6. Muhtasari wa mapendekezo

*Kujulisha mahali*: kuwaarifu wengine kwa hiari, kwa njia ya programu, kwamba umefika mahali fulani.
*Kujulikana mahali*: hali ya programu kutambua ulipo bila ya wewe kuijulisha.
*Mahali hasa ulipo*: nukta ipimwayo kwa mita.
*Eneo uliko*: sehemu ya jumla, isiyo na nukta.
*Dokezo*: maelezo mafupi aachayo mtumiaji kuhusu mahali kwa faida ya wajao.
*Biashara za jirani*: biashara zilizopo karibu na mtumiaji.
*Wapenzi wa jambo moja*: watu waunganishwao na jambo wanalolipenda.
*Mzoefu wa mahali*: mtu afikaye mahali pamoja mara kwa mara.

Haya ni mapendekezo tu. Tunawaomba walimu wayajaribu madarasani, hasa ile tofauti ya *-po* na *-ko*, ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa ni ya mtihani peke yake. Wafasiri nao tunawaomba wayapime katika maandishi ya kweli, na pale yatakapokwama watuandikie, wakitaja sentensi yenyewe iliyowakwamisha.