Feni zazunguka, skrini nyeusi: tazama plagi ya prosesa

Unapobadilisha pawa saplai ya kompyuta ya mezani, kutazama wati pekee hakutoshi. Plagi zake lazima zilingane na ubao mama. Plagi kubwa ya pini 24 hulisha ubao wenyewe. Prosesa ina yake, karibu na pale inapokaa: pini 4 kwenye ubao wa zamani, pini 8 kwenye ule wa sasa. Ukiisahau, feni huzunguka lakini skrini hubaki nyeusi, na wengi hudhani ubao umekufa wakanunua mwingine bure.

Hatari iko kwenye hizo pini 8. Plagi ya kadi ya picha nayo ina pini 8, lakini upande wa volti 12 wa moja ndio upande wa ardhi wa nyingine. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Ya kadi, 6 na 2. Ikikataa kuingia usiilazimishe, utaunguza ubao.

Na si kila kompyuta ina pini 24. Dell OptiPlex 9020, ya ofisini, ina plagi kuu ya pini 8. Basi fungua kasha, hesabu pini, ndipo uende dukani.