Ajali ya basi: Shingo isivutwe kabla ya vipimo

FEBRUARI 2025, basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa kwenye mechi na Namungo. Mechi iliyofuata dhidi ya Simba ikaahirishwa.

Ajali ikitokea, mashabiki huuliza nani kavunjika. Ila kuna jeraha lisiloonekana kwa macho, nalo ni la shingo. Gari likigonga, kiwiliwili kinazuiwa na kiti au mkanda, kichwa kinarushwa mbele na nyuma. Misuli na kano zinavutika. Mchezaji anashuka akitembea fresh, kesho yake anaamka shingo haigeuki.

Hapo utasikia: "Mtafute fundi ainyooshe." Kunyoosha pingili kwa mikono ni taaluma, inaitwa kairopraktiki, ilianza Marekani mwaka 1895, na wapo wanaopata nafuu. Lakini hata mwenye taaluma huhakikisha kwanza hakuna mfupa uliovunjika. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, mshipa wa damu uendao kwenye ubongo unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Hutokea mara chache, ila hutokea.

Mikono ikiwa na ganzi, miguu ikikosa nguvu, au kichwa kikiuma sana na kizunguzungu, wahi hospitali, siyo kwa mchuaji.

Vipimo vikiwa safi, dawa ya maumivu na mazoezi mepesi ya kugeuza shingo vinasaidia. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Kwa straika, mipira ya vichwa isubiri mpaka shingo igeuke pande zote bila maumivu. Bora kukosa mechi tatu kuliko kukosa msimu.