Kikombe Kisichoonekana: Jinsi Eksirei Inavyopima Kulika kwa Nyonga Bandia

Plastiki ya nyonga bandia haionekani kwenye picha ya eksirei. Tufe la chuma lililokaa juu ya mfupa wa paja hutokea jeupe pee, na ganda la chuma lililoshikilia kikombe nalo vilevile. Lakini plastiki iliyo kati yao huachia mionzi ipite, ikabaki kama utepe wa giza tu. Kwa hiyo daktari anayepima kulika kwa kikombe hapimi plastiki yenyewe. Anapima tufe lilipo. Nyonga ikiwa mpya, tufe huwa katikati na utepe huo una unene mmoja juu na chini. Miaka ikipita, uzito wa mwili hulididimiza tufe taratibu ndani ya plastiki, utepe wa juu ukapungua na wa chini ukaongezeka. John Charnley, daktari Mwingereza aliyeipa nyonga bandia sura inayojulikana leo, alitumia vikombe vya plastiki tupu visivyo na ganda, akavitia waya mwembamba wa nusu duara ili ukingo wa kikombe uweze kuonekana pichani. Waya ule haukusaidia mguu kutembea hata kidogo. Uliwekwa kwa ajili ya kupimia.

Alikuwa na sababu. Kati ya 1958 na 1962, katika hospitali ya Wrightington, Charnley aliwawekea wagonjwa wapatao 300 vikombe vya Tefloni, plastiki iliyosifiwa kwa utelezi. Wagonjwa waliamka bila maumivu na wakatembea. Muda si mrefu picha zikaonyesha tufe limezama ndani ya vikombe, na mpasuaji akifungua nyonga anakuta uvimbe laini mfano wa jibini uliojaa vumbi la Tefloni. Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, akaiweka polithini nzito kwenye mashine ya majaribio: baada ya wiki 3 ilikuwa haijalika kama Tefloni ilivyolika kwa siku moja. Polithini ndiyo inayotumika mpaka leo, lakini nayo hulika. Vumbi lake ni laini mno, sehemu kubwa ni chembe ndogo kuliko elfu moja ya milimita. Seli za kinga humeza chembe hizo, zishindwe kuzisaga, kisha zitoe kemikali zinazouamuru mwili uule mfupa wake wenyewe. Mfupa huliwa kimyakimya. Mtu anaweza kwenda sokoni na kupanda ngazi bila kuhisi lolote, hadi siku kiungo kinapolegea au mfupa unapovunjika.

Hapo ndipo thamani ya picha ilipo, maana kipimo chake kimefichwa ndani yake. Tuseme tufe lina kipenyo cha milimita 28, na pichani linasoma 33.6. Basi picha imekuza kila kitu kwa asilimia 20, na tufe lililoonekana kuhama milimita 1.2 limehama milimita 1 kamili. Kama kati ya picha mbili kuna miaka 10, hiyo ni milimita 0.1 kwa mwaka, unene wa karatasi moja ya kuchapishia. Ni kidogo, lakini ndicho kiwango cha kuangaliwa: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Dumbleton na wenzake mwaka 2002 yalionyesha kwamba mfupa huliwa kwa nadra pale kikombe kinapolika chini ya hapo. Ukubwa wa tufe nao una neno lake. Tufe la milimita 22 likizama milimita 0.1, humega milimita za ujazo zipatazo 38 za plastiki. La milimita 32 likizama vivyo hivyo humega 80. Zamani kazi hii ilifanywa kwa bikari na rula juu ya filamu. Tangu miaka ya 1990 zipo programu za kompyuta zinazotafuta zenyewe kingo za tufe na za kikombe.

Wapo wanaosema kipimo hiki hakiaminiki, na hoja zao ni nzito. Mwaka wa kwanza au wa pili tufe huzama kwa sababu plastiki inajibana chini ya uzito, bila kumeguka chembe. Kweli, na ndiyo maana mpimaji makini huuweka kando mwendo wa mwanzo, akahesabu mteremko wa miaka inayofuata. Picha moja ni bapa, kwa hiyo haioni tufe linapohamia mbele au nyuma. Hilo nalo ni kweli, ingawa mwendo mwingi huelekea juu, upande ambao picha ya mbele huuona vizuri. Hoja ngumu kuliko zote ni kwamba polithini ya kisasa, iliyofungamanishwa kwa mionzi, hulika kidogo sana kiasi kwamba kosa la mpimaji laweza kupita kile anachopima. Mara nyingine hesabu hutoa kulika hasi, kana kwamba plastiki imeota. Kwa watafiti jibu lipo. Göran Selvik wa Lund, Sweden, alibuni mwaka 1974 njia ya kupiga picha mbili kwa pamoja kutoka pembe tofauti, huku vishanga vya tantali vimepandikizwa mwilini kama alama. Njia hiyo hupima sehemu ndogo za milimita, na kwa wagonjwa wachache tu yaweza kufichua plastiki mbovu kabla haijawafikia maelfu. Naiona kuwa deni tunalodaiwa na wale 300 wa Tefloni.

Kwa mgonjwa mmojammoja, kosa la mpimaji halifuti faida ya picha za kawaida. Kosa la sehemu ya kumi ya milimita linavuruga hesabu ya mwaka mmoja; likigawanywa kwa miaka 10 halina nguvu tena. Kinachoharibu hesabu ni kukosa picha ya kuanzia. Basi wewe uliyewekewa nyonga bandia, au unayemuuguza mzazi aliyewekewa, omba picha iliyopigwa baada ya upasuaji uitunze, iwe filamu au sidii, mahali pakavu na bila kuikunja. Andika juu ya bahasha tarehe na kipenyo cha tufe, na uende nayo kliniki kila unapoitwa, hata kama huumwi.