Deni lisilolipwa kwa ugali na mgebuka

Wazazi wa mkoa wa Kigoma ni wachapakazi, na anayetaka kuandika juu ya deni lao kwa watoto hana budi kuanza kwa kulikiri hilo. Kuanzia Kagunga, mpakani na Burundi, hadi Kalya kule kusini, maisha ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ni ya kuhangaikia mlo wa kesho: baba yuko majini na taa usiku kucha, mama yuko mwaloni alfajiri akisubiri mitumbwi anunue dagaa wa kuanika, au yuko shambani kwenye mihogo na michikichi. Ukimwuliza yeyote kati yao anadaiwa nini na mwanawe, atajibu chakula, malazi, mavazi na matibabu. Siku hizi ataongeza sare na madaftari. Nadai kwamba orodha hiyo imeliacha deni kubwa kuliko yote, nalo ni kumjua mtoto: kufahamu anaogopa nini, anatembea na nani, somo gani limemshinda na kwa nini, nani amemtisha njiani, na mtoto naye awe amemzoea mzazi kiasi cha kuweza kumwambia. Hii ni haki yake kama kilivyo chakula, wala haiwahusu wenye nafasi peke yao, na ushahidi wake hatuhitaji kuusafiria mbali.

Tuanze na mahali ambapo mzazi ameondolewa sehemu kubwa ya kazi ya kulisha. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliovuka ziwa wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Kwa wazazi wa pale, sehemu kubwa ya unga, maharage na mafuta imekuwa ikitoka Mpango wa Chakula Duniani, na makazi, zahanati na shule zimesimama kwa msaada wa UNHCR na mashirika mengine. Mgawo umewahi kupunguzwa na watu wakaumia, lakini utaratibu umebaki uleule: chakula kinagawiwa kwa kadi. Kama uzazi ungekuwa ni kulisha na kuhifadhi tu, basi mtoto wa Nyarugusu angekuwa mtoto wa shirika. Sivyo ilivyo. Watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia vita walikabidhiwa kwa familia nyingine, wakala mgawo uleule na kulala chini ya turubai la aina ileile, na bado Msalaba Mwekundu umeendelea na kazi ngumu ya kutafuta ndugu zao ng'ambo ya mpaka. Hakuna ambaye angejitaabisha hivyo kama sahani na paa vingetosha. Kisha wako waliozaliwa kambini, ambao hawajaiona Fizi wala Uvira. Shule zao zinafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, lakini hakuna mtaala unaoweza kumweleza mtoto kwa nini babu yake aliiacha nyumba yake usiku mmoja bila hata kufunga mlango. Hilo atalisikia kwa mzazi au hatalisikia kabisa, na wazazi waliokaa chini wakalieleza wamewapa watoto wao kitu ambacho hakikuwa kwenye mgawo wowote.

Ushahidi wa pili uko kaskazini mwa mji wa Kigoma, ukifuata ufuko kwa boti, katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Jane Goodall alifika huko Julai 1960 na kuanzisha utafiti wa sokwe ambao umeendelea kwa zaidi ya miongo sita. Mmoja wa aliowafuatilia kwa karibu ni jike aliyeitwa Flo, mama mpole aliyecheza na wanawe hata uzeeni. Flo alikufa Agosti 1972. Mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka 8 na kitu, umri ambao sokwe ameshaacha kunyonya na anajua mwenyewe kuchuma matunda, kuvua mchwa kwa kijiti na kutandika kiota mtini. Chakula kilikuwa kimemzunguka kila upande. Lakini Flint alizubaa, akajitenga na wenzake, akaacha kula, akawa anarudi pale kando ya kijito mama yake alipofia, na kabla mwezi haujapita naye alikuwa amekufa.

Msomaji makini atasema Flint alidekezwa, na atakuwa amesema kweli. Flo alikuwa amezeeka asiweze kumwachisha ziwa kwa wakati. Flint aliendelea kumdandia mgongoni na kulala naye kiota kimoja wakati wenzake wa umri ule wameshaanza kujitegemea. Basi na tuwatazame watoto aliowalea Flo akiwa na nguvu zake, kwa ukaribu uleule. Figan alikuja kuwa dume kiongozi wa kundi. Fifi alizaa watoto tisa, na baadhi yao, wakiwemo Freud na Frodo, nao wakaongoza kwa zamu zao. Ukaribu haukuwalegeza. Kilichomwangusha Flint ni mama kuishiwa nguvu kabla hajamaliza kumfundisha kusimama bila yeye, na mafunzo hayo pia ni sehemu ya deni ninalolizungumzia. Ni kweli binadamu si sokwe. Lakini tofauti yetu nao inaliongeza deni badala ya kulipunguza, maana mtoto wa binadamu hukaa mikononi mwa wazazi muda mrefu zaidi, na yanayoweza kumdhuru kimyakimya ni mengi zaidi.

Ukimya wa watoto kuhusu madhara hayo umepimwa hapa nchini. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ulioishirikisha UNICEF pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu hizo zimetajwa mara nyingi. Nyingine ya utafiti huohuo haitajwi sana: kati ya wasichana waliotendewa hivyo, karibu nusu hawakumwambia mtu yeyote, na kwa wavulana karibu theluthi mbili walinyamaza. Ulikuwa utafiti wa kaya, yaani waliohojiwa walikuwa na makwao, na wengi wao bila shaka walikuwa wakila na kulala ndani. Walichokosa ni mtu wa kumwambia. Na utafiti uleule ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa utotoni, wazazi na walimu wakiwa miongoni mwa wapigaji wakuu. Mtoto aliyezoea kuiona fimbo kila anapokosea ataipeleka wapi siri ambayo yeye mwenyewe anadhani ni kosa lake?

Sheria zetu zimekuwa zikisogea kuelekea hoja hii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka baba atoe malazi, mavazi, chakula na elimu, ikaishia hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyarudia hayo na kuongeza matibabu, mwongozo, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Kisha kifungu cha 11 kikampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, kusikilizwa, na kushirikishwa katika maamuzi yanayomhusu. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayaweka malezi yenye mwitikio sambamba na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Kwa maneno ya nyumbani, mtoto akilia au akiuliza, awepo anayeitika.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la muda. Mvuvi anayerudi mwaloni jua linachomoza, macho mekundu kwa moshi na upepo, hana nguvu ya kumwuliza mtoto habari za shule. Mtoto akitoka shule, baba amelala au anaandaa nyavu. Lakini ziwa lenyewe lina kalenda yake. Dagaa hufuata taa gizani, na mwezi ukikaribia kupevuka taa hazina kazi, hivyo mitumbwi mingi hupandishwa ufukoni kwa siku kadhaa kila mwezi. Mchana wa siku hizo nyavu hushonwa na mbao huzibwa. Jioni hubaki, na nyingi huishia kwenye bao, kahawa na mpira wa televisheni. Sidai mwanamume aliyechoka anyimwe bao. Nasema jioni mbili tatu kati ya hizo zinatosha kumjua mtoto, kama baba anazihesabu kuwa ni za deni. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mifuko iliumia sana miezi ile, na wengi walihangaika kutafuta vibarua, lakini haijawahi kutokea katika kizazi hiki baba wengi kiasi hicho kulala nchi kavu kwa wakati mmoja. Tulijadili bei ya samaki, mikopo na doria. Habari ya watoto waliokuwa na baba zao nyumbani kwa miezi mitatu haikuwa kwenye mjadala, na naiona hiyo kuwa nafasi iliyopotea.

Kwa mama, hesabu ni ngumu zaidi. Anayeamka kabla ya adhana kwenda mwaloni, akaanika dagaa kichanjani na kuwageuza juani, akafuata maji na kuni, akapika, hawezi kuambiwa kwamba amekosa bidii. Hapa wadaiwa ni wengi. Kila bomba la maji linalosogea karibu na nyumba linamrudishia mama muda ambao serikali na jamii walikuwa wanadaiwa na mtoto wake. Hata hivyo mazungumzo hayahitaji kiti wala saa maalumu. Mtoto anayegeuza dagaa pamoja na mama yake, mama akimsikiliza, yuko mbali sana na mtoto aliyetumwa peke yake mwaloni saa za masomo kubeba ndoo za watu. Kazi inaweza kuonekana ileile kwa mpita njia. Katika ile ya kwanza mtoto anafundishwa na kujulikana. Katika ya pili anatumiwa, na sheria, iliyoweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, iko upande wake. Wala shule haiwezi kulibeba deni hili. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, ilifungua milango kwa watoto ambao wangebaki nje, lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika atafahamu majina. Hofu za kila mmoja hawezi kuzifahamu.

Kuna wanaosema wazee walilea kwa ukali na ukimya na watoto wakawa watu. Kumbukumbu hiyo ina nusu ya ukweli. Katika nyumba kubwa za Ujiji, chini ya miembe, baba huenda alikuwa mkali na mchache wa maneno, lakini alikuwepo bibi wa kuambiwa kila kitu, shangazi wa kumfunda msichana, mjomba wa kutania naye, na mwalimu wa chuo aliyejua mtoto gani hakuja leo. Wanaume wa Buha walikwenda Tanga kwa mikataba kukata mkonge enzi za Waingereza, wakaitwa manamba, wakakaa huko muda mrefu. Waliobaki nyumbani waliziba pengo. Leo familia inapanga vyumba viwili Gungu au Mwanga, bibi yuko Kasulu, mjomba anaonekana msibani. Kilichosalia cha malezi ya zamani ni ule ukali wa baba, na wale waliokuwa wakiukamilisha hawapo. Wanaohofia kwamba mazungumzo yataua adabu nao wakumbuke kisa kinachojulikana katika madarasa yote ya Ujiji, cha al-Aqra bin Habis aliyemwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akajinadi kwamba yeye ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja. Jibu alilopewa lilikuwa onyo.

Linabaki swali la wasio na wazazi, au wenye wazazi walio mbali. Gombe inatufundisha hapo pia. Mwaka 1987 sokwe mdogo wa miaka mitatu, Mel, alifiwa na mama. Aliyemchukua ni Spindle, kijana wa miaka 12 ambaye hakuwa ndugu yake wa karibu; alimbeba, akamgawia chakula, akalala naye kiota kimoja, na Mel akaishi. Deni linaweza kulipwa na mwingine, ila ni lazima mwingine huyo awepo kweli. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto inamtaka mzazi anayeondoka kwa muda ahakikishe mtoto amebaki na mtu anayefaa kumlea. Mvuvi anayehamia kambi za kusini kwa msimu mzima, na mama anayekwenda Burundi kuuza dagaa, huacha unga na fedha za matumizi kwa uaminifu mkubwa. Viongozi wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambao wanawafahamu wavuvi wao na wamezoea kuandikisha vyombo na nyavu, wakishirikiana na afisa ustawi wa jamii wa kata, wangeweza kuongeza swali moja kabla mtumbwi haujaondoka: umeacha watoto wangapi, na ni nani, kwa jina, watakayemwambia wakipatwa na jambo?